Maswali ya bomba: geti valvu si ya kupunguzia maji

Mafundi, habari za kazi. Maji ya DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar es Salaam) yakija huwa na presha kubwa, kwa hiyo geti valvu iliyo baada ya mita tunaiacha nusu. Siku hizi inatetema, na hata ukiifunga maji yanapita. (Tabata)

Hiyo mmeimaliza wenyewe. Ndani yake kuna kipande cha shaba chenye umbo la kabari. Ukizungusha usukani, skrubu inakipandisha au kukishusha. Kazi yake ni kukaa juu kabisa au chini kabisa. Kikining'inia katikati, maji yanajibana chini yake kwa kasi, yanakitikisa huku yakila kingo, na mchanga ukiwemo ndiyo haraka zaidi. Wengi hapo hukazana na usukani mpaka shina linakatika.

Kwanza hakikisheni si uchafu: fungueni koki ya nje, kisha fungueni na kufunga valvu yote mara tano hivi. Takataka iliyokaa chini ya kabari itasukumwa nje. Bado inapitisha? Toeni, wekeni nyingine ya kipimo kilekile. Ikishafunguka yote, rudisheni usukani robo mzunguko isije ikagoma. Presha ishughulikiwe na valvu ya kupunguzia presha, inayowekwa baada ya geti valvu.

Geti valvu inadondosha chini ya usukani, tone moja kila sekunde. Ninunue mpya? (Mbagala)

La. Kaza kwa spana ile nati ndogo inayolizunguka shina, robo mzunguko tu, utazame. Ukikaza kupita kiasi usukani hautazunguka. Ikikataa, funga maji yanakotokea, fungua nati, sokota tepu nyeupe ya bomba kama uzi, izungushie shina mara tano au sita, ishindilie kwa bisibisi bapa, rudisha nati. Tone hilo ni lita kadhaa kwa siku.

Maji ya mgao yakija usiku, tanki linafurika. (Kimara)

Maji yakiwa yanaingia, inua mkono wa boya. Yakikatika, boya limewekwa juu mno: lishushe mpaka maji yasimame sentimita 5 chini ya bomba la kumwagia maji ya ziada. Yasipokatika, washa ya mpira inayoziba maji kwenye koki ya boya imelika au ina mchanga. Litikise na boya lenyewe karibu na sikio. Likichapachapa ndani, limetoboka.

Maji ya kisima chetu yana chumvi, koki za shaba hazidumu. (Kigamboni)

Chumvi inaitoa zinki iliyo kwenye shaba hiyo; mnaiona imegeuka rangi ya waridi, kisha inavunjika kama biskuti. Wekeni koki ya PVC ya mkono mmoja: mkono ukilala sambamba na bomba iko wazi, ukikatiza imefungwa. Muifungue na kuifunga kila mwezi, la sivyo chumvi itaigandisha.

Koki iliyo kabla ya mita inavuja, naweza kuibadilisha? (Sinza)

Usiiguse, ni ya DAWASA. Wapigie waje. Yako inaanzia baada ya mita.