Ukija Estonia kusoma, tafuta kwaya kwanza

Juzi binti mmoja kanitumia meseji, kapata nafasi ya kusoma Tartu, mji wa huku Estonia, anauliza "kaka, nasikia hao watu wamenuna, ntapataje marafiki?" Mdogo wangu nakujibu hapahapa ili na wengine wasome: ingia kwaya. Ya viza na makoti naruka, yameshaandikwa sana.

Mimi Julai 2025 nimeimba Laulupidu, lile tamasha kubwa la nyimbo la Tallinn, na nalisema kwa kujidai maana haliingiliki kirahisi, kwaya inapimwa kwanza, isipoiva inabaki. Nilipoanza mazoezi Wabongo wenzangu huku walinicheka, eti nimeacha kutafuta hela naenda kuimba na wazungu. Iliniuma na bado inaniuma. Ila wao mpaka leo hawajaalikwa hata chai kwa Mwestonia.

Soma na historia yao. Tamasha la kwanza lilifanyika hapo Tartu 1869, waliimba wanaume tu, wakiadhimisha miaka 50 tangu wakulima waachiwe huru kutoka mikononi mwa mabwana wa Kijerumani, na nchi yenyewe ikiwa chini ya Urusi. Majirani zao Latvia wakafuata mjini Riga 1873, Lithuania mpaka 1924 kule mji wa Kaunas. Na usizichanganye nchi hizi tatu, wenyewe wanachukia: Kiestonia ni ndugu wa Kifini, Kilatvia na Kilithuania ni ukoo mwingine kabisa. Walithuania nao ni Wakatoliki, na Urusi iliwapiga marufuku kuchapa lugha yao kwa herufi za Kilatini toka 1864 mpaka 1904, wakawa wanavusha vitabu kwa magendo kutoka Prussia, upande wa Ujerumani, ukikamatwa unaweza kuishia Siberia.

Mazoezini nakaa na mzee mmoja wa besi. Anafika mapema, anatundika koti, anafungua faili la noti, anaweka alama ya penseli kila pa kuvuta pumzi, basi. Kwa muda mrefu tulikuwa tunapeana salamu tu. Siku moja wakati wa chai akanisogezea biskuti akaanza mwenyewe habari za tarehe 23 Agosti 1989, watu kama milioni 2 wa nchi hizo tatu wameshikana mikono kudai uhuru kutoka Urusi ya Kisovieti, kutoka Tallinn kupitia Riga mpaka Vilnius kule Lithuania, zaidi ya kilomita 600, miaka 50 kamili tangu Ujerumani ya Hitler na Urusi ya Stalin wapatane kwa siri kugawana nchi za watu. Yeye na mkewe walikuwa barabarani, redio ya gari juu, wanasubiri saa moja jioni ifike washikane. Miaka 2 baadae nchi zote tatu zikawa huru tena.

Jamani vijana, tunalalamika wenyeji wagumu wakati hatujagusa kitu wanachokipenda! Watu waliokatazwa hata bendera yao wakabaki na nyimbo, we huwezi kuwafikia kwa kujifungia chumbani na simu. Jifunze kitu chao, vumilia, jifunze tena.

Kwaya nyingi zinaanza msimu Septemba na vyuo vina zao, kwahiyo usisubiri mpaka uzoee. Ukitua niandikie inbox, kuna ya wanawake naijua, ntakupeleka.