Muulize Wakili: Texas haidai kibali cha bastola, je na mimi mwenye viza?

Swali: Shikamoo Wakili. Nasomea uuguzi Dallas kwa viza ya mwanafunzi, na usiku natoka maktaba peke yangu. Binamu yangu ana grini kadi na amenunua bastola. Ananiambia Texas siku hizi haidai kibali, ukishafika miaka 21 unabeba tu. Anataka kuniachia yake siku za wiki, niifiche kwenye dashibodi ya gari. Nikubali?
*Msomaji, Dallas*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiipokee. Na kama imeshalala garini mwako, arudi aichukue leo.

Binamu yako hajadanganya, ila ameishia katikati. Gavana Greg Abbott alisaini sheria ya kubeba bila kibali mwaka 2021, ikaanza Septemba 1. Kabla ya hapo, kutembea na bastola kiunoni kulitaka leseni, na leseni ilitaka darasa, mtihani wa maandishi na kulenga shabaha mbele ya mkufunzi. Vermont haijawahi kudai kibali. Alaska iliacha kudai mwaka 2003, Arizona 2010, na leo majimbo ya namna hiyo yamepita nusu ya yote 50.

Lakini kilichofutwa ni ulazima wa kibali tu. Orodha ya waliokatazwa kumiliki silaha haikuguswa, na orodha kubwa ni ya serikali kuu, si ya Texas. Wenye viza za muda, wanafunzi mkiwamo, wamo humo. Kuna upenyo mdogo, kwa mfano kwa mwenye leseni halali ya kuwinda, lakini wewe hujaniambia habari ya kuwinda.

Tena usidhani "kumiliki" ni mpaka uishike. Bastola iliyo kwenye dashibodi yako, unajua ipo na funguo unazo wewe, mwendesha mashtaka ataihesabu kuwa yako hata risiti ikiwa na jina la binamu. Adhabu inafika miaka 15 jela, na kosa la silaha linatosha kukufukuzisha nchini. Yeye naye, akikupa huku akijua viza yako ni ya aina gani, ametenda kosa lake mwenyewe lenye kifungo kama hicho. Mwambie hilo taratibu. Huwa linapoza ukarimu.

Kwa upande wake, grini kadi inamruhusu kumiliki. Hata hivyo ningemshauri achukue leseni, maana Texas bado inaitoa. Bila leseni haruhusiwi kuingia na bastola katika majengo ya chuo chako, na sheria ya serikali kuu inamkataza kuibeba barabarani ndani ya futi 1,000 za shule, takribani mita 300. Pima mwenyewe Dallas ina shule ngapi. Baa zenye tangazo jekundu la 51%, yaani zinazopata zaidi ya nusu ya mapato yao kwa pombe, asiingie nayo kabisa. Na akisafiri, ajue jimbo la Illinois bado linadai kibali.

Usiku wako una dawa nyingine: piga simu polisi wa chuo, uulize kama wana huduma ya kumsindikiza mwanafunzi hadi garini.

Swali: Mimi ni raia, naishi Columbus, Ohio. Nikisimamishwa na polisi, nianze mimi kusema nina bastola?

Jibu: Zamani ilikulazimu. Tangu Juni 2022 unalazimika pale tu anapokuuliza, na akiuliza usimfiche. Mikono ibaki juu ya usukani wakati unajibu.