Ukingo unaliwa na maji: nichukue chuma cha aina gani?

Msomaji, Mikindani: Shikamoo Ami. Marehemu baba alituachia kiwanja kinachopakana na mikoko ya hori ya Tudor, hapa Mombasa. Ukuta wake wa mawe ulianza kuinama mwaka juzi, na mwaka huu maji ya bamvua ya mwezi wa nne yakauangusha. Kontrakta ametuletea bei za shiti-paili za aina tatu: umbo la U, umbo la Z, na nyingine anazoziita "nyepesi", ambazo bei yake ni ya chini sana. Ukuta utasimama mita 3 juu ya matope. Ndugu zangu wanataka hizo nyepesi. Wewe ungechukua zipi?

Jibu: Marahaba mwanangu, Mungu amrehemu mzee. Nitakujibu wazi: nyepesi usizichukue.

Shiti-paili ni vipande virefu vya chuma vyenye kulabu kila upande. Kimoja kikishapigiliwa, cha pili huingizwa kutoka juu kwenye kulabu ya mwenzake, kikashuka hivyo hivyo kimeumana naye mpaka chini. Umeona shupatu za mkeka zinavyoshonwa ukingo kwa ukingo? Ukuta huu ni hivyo, na mshono ukifumuka mkeka hauna kazi. Kwa hiyo ukipewa bei, uliza habari za kulabu kabla hujauliza umbo.

Umbo la U ndilo kongwe katika hizo. Mjerumani Tryggve Larssen alilibuni huko Bremen mwaka 1902, na mpaka leo wako mafundi wanaoziita Larssen. Kulabu zake hukaa katikati kabisa ya unene wa ukuta. Udongo unaposukuma na ukuta ukataka kupinda, ni pale katikati ambapo kila kipande hutaka kuteleza dhidi ya jirani yake. Kikiteleza, kila kimoja hubaki kupigana peke yake na nguvu ya ukuta hupungua sana. Dawa yake ni kuagiza vije viwili viwili, kulabu zao zikiwa zimebanwa kiwandani. Umbo la Z lina kulabu kwenye nyuso za nje, mbali na hapo penye kuteleza, kwa hiyo kwa uzito ule ule wa chuma hukupa ukuta mgumu zaidi. Lakini Z moja peke yake hujipinda inaposhuka. Nayo hupigiliwa kwa jozi, kwa mashine kubwa. Njia ya kwenu naijua. Kreni ya kazi hiyo haitapita. Ziko pia bapa, zisizo na tumbo, ambazo hupangwa kwa duara na kujazwa mchanga katikati. Hizo zina nguvu ya kuvutwa tu, hazijui kuzuia udongo kwenye ukuta ulionyooka.

Sasa hizo nyepesi. U na Z za kweli hupitishwa kwenye rola chuma kikiwa chekundu kwa moto, na kulabu hutoka nene, za kubana. Nyepesi ni bamba lililokunjwa likiwa baridi. Kulabu yake ni mkunjo tu, imelegea. Nilipokuwa msaidizi wa nyundo tulizipigilia nyuma ya nyumba moja upande wa Nyali. Kwenye mita 2 tukagonga mwamba wa matumbawe, na msimamizi akaamuru tuendelee. Ncha zilijikunja na kulabu zikapasuka huko chini, mahali jicho halifiki. Kwa juu ukuta ulikuwa umenyooka vizuri. Baada ya masika mawili bustani ikaanza kutitia, shimo la ukubwa wa kitanda, kwa sababu kila maji yakipwa yalitoka na mchanga. Yule mama mwenye nyumba alilia mbele yetu. Sijamsahau.

Kuna na kutu. Kanuni za Ulaya hukadiria kwamba ukanda unaorushiwa maji ya bahari na ule wa maji kupwa hupoteza milimita 1.9 kwa miaka 25, na 3.75 kwa miaka 50, kwa upande mmoja. Hesabu hiyo ni ya nchi za baridi. Bahari yetu ni ya joto. Bamba la milimita 6 litakuwa limeliwa karibu theluthi kabla wanao hawajamaliza kusoma.

Kwenu Mikindani si Nyali. Chini ya matope ya mikoko kuna mwamba laini wa tabaka-tabaka, na kina chake hubadilika kiwanja hadi kiwanja. Toboa mashimo ya kupima kabla hujalipa hata shilingi ya chuma. Ukuta usio na msaada wa nyuma huhitaji kuzikwa angalau sawa na kimo chake, na kwenye matope zaidi. Mwamba ukiwa karibu, chuma hakitafika huko, kwa hiyo utahitaji fimbo za kuuvuta ukuta, zilizofungwa kwenye zege lililofukiwa mbali na ukingo.

Na usiwaruhusu wasahau matundu ya kutolea maji, yenye kokoto na kitambaa cha kuchuja. Hori ikipwa, maji yaliyo nyuma ya ukuta huchelewa kushuka. Tofauti ya mita 1 tu ni tani 1 kwa kila mita ya mraba, juu ya uzito wa udongo. Naamini ukuta wa mzee uliangushwa na hilo kuliko mawimbi.

Kwa hiyo: U, za moto, jozi zilizobanwa, mchoro uwe na sahihi ya injinia aliyesajiliwa, na kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, kitangulie. Mikoko iliyo mbele msiikate. Inavunja mawimbi bure.

Msomaji, Mtongwe: Fundi, salaam aleikum. Chuma cha gati letu la zamani kimetoboka ukanda mmoja tu, pale maji yanapokomea yakipwa. Juu na chini ni kizima. Kwa nini?

Jibu: Waaleikum salaam ndugu yangu. Kwangua pale. Ukikuta ute wa rangi ya chungwa, chini yake weusi, kisha chuma kinachong'aa chenye mashimo, hiyo ni kazi ya bakteria, na hula haraka kuliko kutu ya kawaida. Mlete mzamiaji apime unene ukanda wote wiki hii. Palipotoboka paunganishwe bamba jipya kwa kuchomelea, halafu mfunge vipande vya zinki au alumini viliwe badala ya chuma. Lakini viwe chini ya maji daima, maana vikibaki hewani havilindi kitu.