Hema lisimame wapi? Jibu kwa swali la wiki

Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Je, mtu mwenye fedha kidogo anaweza kutembea pwani ya Ulaya na begi mgongoni, akilala ufukweni bure?" Jibu langu la kwanza ni ndiyo, na anayesema safari ya Ulaya ni ya wenye nacho tu hajakaa chini akapiga hesabu.

Chukua pwani ya Atlantiki ya Ureno, pembe ya kusini-magharibi. Ipo njia ya miguu iitwayo Trilho dos Pescadores, njia ya wavuvi, kilomita 226 na ushei kutoka São Torpes, jirani na Sines, mpaka Lagos. Imepigwa alama za mistari ya kijani na buluu, na haidai kiingilio. Basi la kutoka Lisbon hukushusha Porto Covo au Vila Nova de Milfontes. Vijiji vimepangana kwa mwendo wa siku moja moja: Porto Covo hadi Milfontes kilomita 20, Milfontes hadi Almograve 15, Almograve hadi Zambujeira do Mar 22, Zambujeira hadi Odeceixe 18. Mkate, jibini, samaki wa kopo na machungwa vinapatikana kila kituo, kwa hiyo hakuna haja ya kubeba chakula cha wiki. Hema la kilo mbili, lita tatu za maji, jiko dogo la gesi, nguo za kubadilisha: mzigo wote usizidi kilo 12, maana nusu ya njia ni mchanga mwororo na kila kilo ya ziada mguu huilipia mara mbili. Gesi huruhusiwi kuipandisha ndege, inunue Lisbon, na uangalie mdomo wa mtungi. Maduka ya vijijini mara nyingi huuza mitungi ya kutoboa au ya kubana, na jiko lako la kuzungusha kwa nyuzi halitaingia.

Kinachobaki kula fedha ni malazi. Ndipo mtu anapoutazama ufukwe ule mpana, hauna mtu wala mlinzi, akasema: si nilale hapa?

Hapo ndipo nalibadilisha swali lenu, mniwie radhi. Mmeuliza kama inawezekana kulala bure. Mimi nauliza: hema lisimame wapi? Msomaji wa Pemba, Lamu au Bagamoyo atajiona analijua jibu, na kwa kulijua huko ndiko atakakoponzwa.

Sisi wa pwani tunajua bamvua, maji makubwa, na maji mafu, yale madogo ya kati ya bamvua na bamvua. Tunajua mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji hujaa sana na kupwa sana, na kwamba kila siku yanachelewa kwa dakika hamsini hivi. Ureno mambo ni yale yale: maji hujaa mara mbili kwa siku, na bamvua hupanda na kushuka mita tatu na nusu hivi, karibu sawa na kwetu. Hata saa zinafanana. Siku za bamvua maji hujaa kama saa tisa au saa kumi, alasiri na usiku. Basi mtembezi anayefika ufukweni saa moja jioni, jua la kiangazi bado lipo, anakuta maji yanapwa. Ufukwe ni mpana kama uwanja wa mpira. Anaiona kamba ya mwani na vijiti iliyoachwa na maji ya alasiri, anapanda hatua kumi juu yake, anafunga hema. Paje au Diani angelala salama.

Tofauti ni mwamba wa matumbawe. Kwetu mawimbi ya bahari kuu huvunjikia mwambani, unayasikia yakivuma mbali, na yanayofika mchangani yamekwisha nguvu. Mwani unakwambia ukweli wa maji ya jana. Pwani ile ya Ureno haina mwamba wa namna hiyo. Wimbi lililozaliwa na dhoruba kaskazini ya Atlantiki, maelfu ya kilomita kutoka hapo, linakuja moja kwa moja mpaka mlangoni. Na mawimbi hayaji sawasawa. Dakika kumi yatakuwa ya kiasi, kisha yanafuatana matatu au manne makubwa, na la mwisho linateleza juu ya mchanga mita nyingi kupita yale ya kawaida. Kwa hiyo ukisoma utabiri wa mawimbi, usitazame urefu peke yake. Tazama na kipindi, yaani sekunde kati ya wimbi na wimbi. Wimbi la mita moja na nusu kwa sekunde 8 ni vurugu ya upepo tu. Wimbi la urefu huo huo kwa sekunde 15 lina maji mengi nyuma yake, na litapanda juu zaidi.

Ongeza mwendo wa maji yenyewe. Hesabu ya mabaharia huigawa tofauti ya kupwa na kujaa katika sehemu kumi na mbili: saa ya kwanza hupanda sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Tofauti ikiwa mita 3.6, saa ya tatu na ya nne maji hupanda sentimita 90 kila saa. Mchanga ukiwa na mteremko wa mita moja kwa kila mita 30, basi bahari inatembea mita 27 kuja kwako ndani ya saa moja, nawe umelala fofofo.

Atakayesoma haya atasema: basi nitarudi nyuma kabisa, niegemee jabali lililosimama nyuma ya ufukwe, pale mchanga ni mkavu na upepo haufiki. Kweli upepo haufiki. Huko mchana wa kiangazi huvuma nortada, upepo wa kaskazini (msiuite kaskazi, huu hauleti joto wala jahazi), huanza baada ya adhuhuri na kuzidi mpaka magharibi. Chini ya jabali ni shwari, pana kivuli, pana faragha. Ni mahali ambapo kila mtu mwenye akili angepachagua, na ndiyo sababu siwezi kulijibu swali hili bila kuikumbuka Praia Maria Luísa.

Ilikuwa tarehe 21 Agosti 2009, Ijumaa, kilele cha msimu, karibu na Albufeira katika mkoa wa Algarve. Si siku ya dhoruba. Familia zimetandika taulo kama zinavyotandikwa kila Agosti. Sehemu ya jabali ikaporomoka ikawafunika waliokuwa karibu nayo. Watu watano walikufa, watatu wakajeruhiwa. Habari ilienea Ureno nzima, maana kila Mreno ana picha ya utotoni ameketi chini ya jabali la namna ile, na kila mmoja alijiuliza lake lingeanguka lini.

Kwa nini lianguke siku ya jua? Hili ndilo linalowashinda watu kulielewa, na ndilo nalitilia mkazo. Majabali ya Algarve pale ni mawe ya chokaa laini, yamechanganyika na makombe ya kale, yana vishimo na mifereji ndani kama jino bovu. Kiangazi bahari haionekani kuyafanya kitu. Kazi ilishafanyika majira ya baridi na miaka ya nyuma yake: mawimbi ya dhoruba yamekula chini mpaka juu pakabaki pananing'inia, mvua imepenya kwenye nyufa na kuosha kilichokuwa kikishikilia, chumvi imekauka ndani ya vitundu na kuvitanua, mizizi ya vichaka imepasua. Jiwe linabaki limesimama kwa mazoea. Linaloliangusha mwishoni si lazima liwe kubwa, na si lazima lije na mvua. Ndiyo maana utabiri wa hewa haukusaidii hapa, wala bahari tulivu si dalili ya usalama. Ukipanda juu upande wa magharibi, mkoa wa Alentejo, mawe ni mengine: meusi, ya tabaka tabaka, yaliyoinama. Hayo hayaporomoki kama chokaa, huteleza vipande kama kurasa za kitabu kilichong'olewa gundi. Jina la jiwe linabadilika, aliye chini yake ni yule yule.

Dalili zipo kwa anayetazama. Mapande yenye kingo kali na rangi safi chini ya jabali, tofauti na ukuta uliochakaa, yameanguka karibuni. Ukuta uliolika chini na kutokeza juu. Ukiwa umepita juu, nyufa zinazokwenda sambamba na ukingo. Na mbao za onyo. Kutoka kwa Wareno tulichukua meza, leso, bendera na gereza. Neno perigo, hatari, tuliliacha huko huko, na ndilo unalolihitaji zaidi kwenye njia hii. Kanuni inayotumika kwenye fukwe hizo ni umbali wa mara moja na nusu ya kimo cha jabali. Jabali la mita 20, kaa mita 30 mbali nalo.

Sasa pigeni hesabu nami. Ufukwe mdogo wa kati ya majabali, jabali mita 20, maji ya bamvua yakijaa, mchanga mkavu unabaki mita 25. Jabali linadai 30. Bahari, kwa yale mawimbi ya sekunde 15, inadai angalau 10 juu ya mwani. Jumla 40, na mchanga ulionao ni 25. Hema halina pa kusimama, hata kabla askari hajafika.

Naye hufika. Sehemu kubwa ya njia hii imo ndani ya hifadhi ya Costa Vicentina, iliyotangazwa 1995, na kupiga hema nje ya kambi rasmi ni marufuku. Hispania ilipiga marufuku kambi kwenye fukwe zake kwa sheria ya pwani ya 1988, na Ufaransa nayo hairuhusu hema ukingoni mwa bahari. Wenye magari ya kulala nao walibanwa Ureno mwaka 2021: baada ya kelele za pande zote wakabakiziwa saa 48 katika wilaya moja, lakini si ndani ya hifadhi.

Kuna wanaosema tuhamie juu ya vilima vya mchanga nyuma ya ufukwe. Hapana. Nyasi za pale ndizo zinazoushika mchanga, na mguu wa watu kumi unatosha kufungua njia ambayo nortada itaigeuza bonde. Moto ndiyo usiutaje kabisa. Agosti 2023 moto uliwaka Odemira ukashuka mpaka Aljezur, ukala maelfu ya hekta nyuma ya vijiji hivi hivi.

Nakiri panapostahili. Fukwe za midomo ya mito, kama Odeceixe au Amoreira, zina mchanga mpana ulio mbali na majabali, na usiku wa maji mafu, bahari ikiwa tulivu, hesabu yangu ya hapo juu inakubali. Sheria haikubali, lakini hesabu inakubali. Anayelala bila hema, akafika usiku na kuondoka alfajiri, hatari yake ni ndogo kuliko nilivyoieleza. Sijui kama hilo ni kumruhusu. Pengine ni kusema ukweli tu.

Naona nilianza kwa ndiyo na sasa nimefika karibu na hapana. Basi iwe hivi: ufukwe utembee, usiulalie. Lipa kambi. Porto Covo, Milfontes na Zambujeira zote zina kambi, na nje ya Julai na Agosti mtu mmoja mwenye hema dogo kwa kawaida halipi zaidi ya euro 15, pamoja na maji ya moto ya kuogea. Nyingi zipo juu ya mchanga chini ya misonobari, kwa hiyo ujuzi wa mchanga bado utautumia. Vigingi vya sentimita 15 vinavyokuja na hema vitang'oka usiku wa kwanza. Jaza mfuko wa nguo mchanga, ufunge kamba katikati, uzike kina cha sentimita 40, kamba ikitoka upande wa hema kwa mlalo, kisha mwagia maji na ukanyage. Upande mfupi wa hema uelekee kaskazini. Acha matundu ya hewa wazi pande zote mbili hata kama ni baridi, la sivyo pumzi yako na umande vitakuamsha umelowa. Zipu isuuze kwa maji baridi kila asubuhi kabla hujaivuta, mchanga ndio unaoua zipu kuliko umri.

Na safari ipangie siku za bamvua, zile zile nilizomtisha nazo mwenye kulala. Siku hizo maji hupwa kabisa saa tatu au saa nne asubuhi, mchanga mgumu unatoka, na kilomita 20 za Porto Covo hadi Milfontes zinapungua saa nzima au mbili. Ondoka saa moja. Angalia jedwali la maji la Instituto Hidrográfico, taasisi ya Ureno ya vipimo vya bahari, bandari ya Sines, na ukifika mahali ambapo ufukwe unapita chini ya jabali, rudi juu kwenye njia yenye alama hata kama chini ni karibu. Saa nane utakuwa umelipia kambi na kufunga hema. Saa tisa na nusu shuka mdomoni mwa mto Mira na chai yako, utazame mahali ulipotaka kulala yakifika maji.