Faili Likichelewa, Usikubali Kulaumiwa kwa Intaneti ya Arusha

Juzi kijana mmoja wa Moshi ameniandikia. Anafanya kazi za meinifremu, zile kompyuta kubwa za mashirika, kwa mbali kama mimi, na bosi wake wa Ulaya anamwambia faili zinachelewa kutoka patisheni moja (sehemu ya mashine inayojitegemea kama kompyuta kamili) kwenda nyingine kwa sababu ya mtandao wa kwao. Mwili ulinisisimka. Maneno hayohayo niliambiwa mimi nikiwa hapa Sakina, Arusha, kwenye kikao cha mtandaoni, watu wote wakisikia.

Tuelewane kwanza. Faili likitoka patisheni moja ya z/OS, mfumo endeshi wa meinifremu za IBM, kwenda nyingine ndani ya mashine ileile, Arusha haligusi. Huku kwetu inafika skrini tu. Umeme ukatike mji mzima, faili linaendelea na safari yake. Nililisema hilo kwa adabu, wakaninyamazia. Nikaamua kutafuta ushahidi.

Niliendesha Netstat nikaangalia jedwali la njia, kisha Traceroute, inayoonyesha kila kituo cha njiani, kuelekea patisheni ya pili. Ilitakiwa ionekane hatua moja. Ikaja anwani ya ruta, ikafuata ya faiawoli (kinga ya mtandao), ndipo patisheni yenyewe. Faili lilikuwa linatoka nje kupitia OSA, kadi ya mtandao ya meinifremu, linazunguka, linarudi kwenye mashine ileile, kama mtu wa Kijenge anayekwenda Njiro kwa kupitia Usa River! Na HiperSockets, ambayo IBM waliileta ili patisheni ziwasiliane kupitia memori ya mashine, ilikuwepo na inafanya kazi. Ila kwenye jobu, iliyoandikwa kwa JCL (lugha ya kuiagiza meinifremu kazi), mstari wa PGM=FTP unaoita programu ya kusafirisha faili, PARM yake, yaani vigezo, ilibeba jina la seva lenye anwani ya OSA.

Anwani ikabadilishwa. MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja kwa baiti, ikapanda kutoka 1500 hadi 57344, kwa kuwa fremu za HiperSockets pale zilikuwa za 64K. Kazi iliyokuwa ikiwakuta wateja asubuhi ikaanza kuisha usiku. Yule aliyenisema kikaoni aliandika barua pepe kuishukuru timu kwa ujumla, jina langu hakulitaja. Mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo wadogo zangu, anzeni na njia. Usikimbilie kuongeza bafa za TCP (nafasi za kusubirishia data ya mtandao) kabla hujajua faili linapita wapi. Njia ikiwa sawa, tazama bloku, yaani fungu la rekodi zinazoandikwa diski kwa mara moja: rekodi za baiti 80 zikiandikwa kwa bloku ya baiti 80, diski ya meinifremu aina ya 3390 inateseka bure, wakati 27920 inajaza karibu nusu ya traki. Pande zote zikiwa z/OS, tumia amri za FTP TYPE E na MODE B, herufi zisigeuzwe ASCII, msimbo wa kompyuta za kawaida, halafu zirudishwe EBCDIC, msimbo wa meinifremu. Uliza pia kama patisheni zinashiriki diski, maana huenda faili halina haja ya kusafiri kabisa. Lakini njia kwanza, narudia.

Na kila unachokiona kihifadhi: matokeo ya Traceroute, saa jobu ilipoanza na ilipoisha. Sisi tunaofanya kazi kutoka Arusha na Moshi hatuaminiwi kwa maneno matupu, hivyo ingia kikaoni na karatasi zako. Ambao bado mnatafuta pa kuanzia, IBM Z Xplore, mafunzo ya meinifremu ya mtandaoni, ni ya bure, jisajilini leo. Mkifika kwenye somo la JCL msiliruke hata kama linachosha, kwa sababu shida yote ile ilikuwa kwenye mstari mmoja wa JCL.