Una usonji, una hadithi, huna mchoraji: yaliyonifaa mimi

Umesema una usonji, umemaliza kuandika hadithi ya vibonzo, na kila mchoraji unayemwandikia anapotea. Unauliza kama kazi za ubunifu ni za watu wepesi wa kuzungumza tu. Nimelisoma swali lako mara tatu, maana hapo ndipo nilipokwama kwa karibu miaka minne.

Mswada wangu ulikuwa na kurasa 212. Niliwaandikia wachoraji 11, na kila mmoja nilimpelekea ulimwengu mzima wa hadithi: nasaba za wahusika, ramani, hata kalenda yao. Wawili walijibu. Mmoja alisema, "Kazi nzuri, tutaongea," nami nikakaa wiki sita nikisubiri tuongee. Sikujua kwamba alikuwa ananiaga. Nilimwamini neno kwa neno, na mpaka leo sioni kwamba kumwamini mtu ni kosa.

Kilichonivunja moyo ni kudhani kuwa kasoro yote iko kwangu. Mwaka 2012 mtafiti Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana kati yetu na wasio na usonji kunatoka pande zote mbili: wao pia hushindwa kutusoma. Kisha kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2020, ambamo habari ilipitishwa kutoka mtu hadi mtu. Makundi ya wenye usonji peke yao yaliifikisha vizuri sawa na makundi ya wasio na usonji peke yao. Ilipotea zaidi pale walipochanganywa. Baada ya kusoma hayo niliacha kuhangaika kujirekebisha mwenyewe, nikaanza kurekebisha namna ninavyopanga kazi.

Kwanza niliziweka kando zile kurasa 212. Jiweke kwenye nafasi ya mchoraji: penseli, wino na rangi zote ni juu yake, na ukurasa mmoja unaweza kumla siku nzima au zaidi. Unachomwomba ni mwaka wa maisha yake, na hakujui. Nikaandika hadithi ya kurasa 6, yenye watu wawili na chumba kimoja. Nikaichora mwenyewe kwa vijitu vya mistari, nikaweka maneno ya wahusika kwenye viputo vya mazungumzo, nikairudia mpaka ikasomeka toka mwanzo hadi mwisho. Hiyo ndiyo niliyoituma, pamoja na ujumbe wa sentensi tano: ni hadithi gani, kurasa ngapi, malipo kiasi gani, inatakiwa lini, na kwamba mimi hufanya kazi kwa maandishi.

Hiyo sentensi ya mwisho niliiogopa sana. Zamani nilikuwa nakubali kupiga simu, nikijilazimisha kucheka na kuitikia kama wengine. Saa moja ya simu ilinilaza nusu siku, na nikiamka sikumbuki tulikubaliana nini. Siku hizi nasema mapema: simu hunipotezea maelezo, tukiandikiana utapata majibu kamili. Si lazima utaje usonji kama hutaki. Wapo wanaoondoka wakisikia hivyo, na ni afadhali waondoke kabla kazi haijaanza.

Mchoraji mmoja alikubali. Tulikaribia kuachana kwenye ukurasa wa 4. Msichana anafunga mlango. Mimi niliandika aonekane kwa nyuma, mwili mzima, yeye akachora mkono tu kwenye kitasa na kivuli ukutani. Usiku ule nilimtumia masahihisho 27. Akanyamaza siku mbili, kisha akaandika: "Niambie kipi kikibadilika hadithi inavunjika, na kipi ni ladha yako." Nilikaa na ile orodha asubuhi nzima. Kati ya 27, mawili tu ndiyo yaliyovunja hadithi, mojawapo likiwa pete: lazima ionekane mkononi, kwa sababu kwenye ukurasa wa 6 inavuliwa. Yaliyobaki yalikuwa picha iliyokuwa kichwani mwangu. Tangu hapo kila mswada wangu una alama mbili, "lazima" na "hiari yako". Mkono na kitasa tuliviacha, tukaongeza pete.

Makubaliano yaandikeni kabla ya mstari wa kwanza: wahusika ni wa nani, fedha zinagawanywaje, na mmoja akiacha njiani kazi iliyokwisha kufanyika inakuwa ya nani. Ukurasa mmoja unatosha.

Kuna watakaokwambia ufanye yote mwenyewe, kama Eric Barone aliyetengeneza mchezo wa Stardew Valley peke yake kwa zaidi ya miaka minne mpaka ukatoka mwaka 2016. Wengine watakutajia Stephen Wiltshire, mwenye usonji, aliyechora mandhari ya Tokyo kwa kumbukumbu baada ya kuiona kutoka kwenye helikopta. Nawaheshimu wote wawili, lakini hakuna anayekudai kipaji cha namna hiyo ili uruhusiwe kufanya kazi. Mimi nilijifunza kitu kimoja tu cha ziada, kupanga maneno kwenye viputo, na hiyo ikanipunguzia mtu mmoja wa kumtafuta.

Zile kurasa 212 bado ninazo. Yule yule mchoraji amekwisha kuchora 38.

Sasa nikuulize: katika hadithi yako lipo tukio linaloweza kusimama lenyewe kwa kurasa 6? Ukilipata nitumie, na ninaposema nitumie namaanisha nitumie. Nitalisoma lote na kukujibu kwa maandishi.