Mteja ni wa nani? Maswali kutoka ofisi za udalali

Wiki hii karibu maswali yote yametoka kwa wanaouza na kupangisha nyumba na viwanja, Kampala na Wakiso. Nimeyafupisha.

Nilimpata mteja mwenyewe, nikamtembeza Kyanja na Najjera hadi akapenda nyumba. Siku ya kulipa bosi akampigia simu, akamalizana naye, kisha akaniambia mteja ni wa ofisi. (Dada wa Ntinda)

Pole sana, dada. Bosi anayefanya hivyo anaivunja ofisi yake kwa mkono wake. Kuanzia hapo kila dalali anaficha namba za wateja, na nyumba ya Bugolobi inakaa tupu ilhali anayeitafuta yumo kwenye simu ya mwenzako wa meza ya pili. Mwombe mkae, umwonyeshe jumbe zenu na mteja, na udai mgawo wako kwa maandishi. Kama umeajiriwa hapo na bado anakataa, peleka lalamiko kwa afisa kazi. Sheria ya Ajira ya 2006 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi, malipo yakiwemo.

Na nyinyi mabosi, wekeni daftari mezani. Mteja akiingia, aandikwe siku hiyohiyo: nani kamleta, anatafuta nini, nani atamtembeza. Mgawo wa aliyeleta mteja, wa aliyeleta nyumba na wa ofisi ujulikane kabla pesa haijaonekana. Pesa ikishafika, hakuna anayekumbuka ahadi vilevile na mwenzake.

Nalipwa kamisheni tu. Bosi anasema NSSF hainihusu. (Kijana wa Kira)

Kama unaripoti kila asubuhi, unapangiwa kazi na unaomba ruhusa hata ya kwenda msibani, hizo ni dalili za mwajiriwa, na zina uzito kuliko jina la "mshirika" mnaloitana. Afisa kazi atakusikiliza. Tangu marekebisho ya 2022 ya sheria ya NSSF, hata mwenye mfanyakazi mmoja anapaswa kuchangia: 10% kutoka kwake, 5% kutoka kwenye mshahara wako.

Mimi ni meneja. Kijana wangu alimweleza mteja kwamba kwenye ardhi ya mailo (ile ya hati ya kudumu ya Buganda) tuliyokuwa tunaiuza kuna watu wenye vibanja, yaani wakaaji wenye haki ya kukaa na kulima kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine. Mteja akaondoka. Wenzake wanasema kaharibu kazi. Nimkemee?

Mpongeze, tena mbele yao wote.

Mnunuzi wa hati ya mailo hanunui ardhi tupu. Haki za wenye vibanja halali haziishi kwa sababu hati imebadili jina, na kwa marekebisho ya 2010 ya Sheria ya Ardhi mwenye kibanja haondolewi ila kwa amri ya mahakama, kwa kosa la kutolipa busuulu, kodi ya kila mwaka anayomlipa mwenye hati. Mteja wako angelipa, angeleta mafundi, angekuta mama anapalilia migomba na hana pa kumpeleka. Halafu angerudi ofisini kwako na wakili. Kijana huyo kakuokoa. Toka naye mwende mzungumze na wenye vibanja na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), mjue nani yuko tayari kulipwa aachie, kisha iuzeni ardhi kwa bei inayosema ukweli. Wengine wanatazama utamfanya nini. Ukimkemea, wa kesho atanyamaza.

Mteja anataka kuonyeshwa nyumba saa mbili usiku, mimi peke yangu. Nikikataa naitwa mvivu. (Binti wa Muyenga)

Kataa, mwanangu. Nyumba huonyeshwa mchana, hata paa na ufa wa ukuta vionekane. Mteja mpya apite kwanza ofisini na kitambulisho, na muende wawili. Sheria inadai hatua za kuzuia unyanyasaji wa kingono kwa mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25, lakini hata mwenye watatu ana wajibu wa kuwarudisha nyumbani salama. Anayekuita mvivu umwombe aende yeye.

Kila Jumatatu bosi anatuma kwenye kundi la WhatsApp majina ya wasiouza. Ni sawa?

Si sawa. Kiwanja kinaweza kukwama miezi kadhaa kwa sababu ya hati tu, dalali hana kosa. Amwite mtu pembeni, amuulize amekwama wapi, kisha apande naye boda waende kwa huyo mwenye hati.